Nilipoingia Ndani ya Programu Yako

Kaka Aloyce,

Sijui nianzie wapi. Masika mawili yamepita tangu tukulaze kihambani, kwenye migomba ya nyumbani hapa Mwika, na ile programu uliyoandika ya kumbukumbu za wagonjwa, hospitali wameizima. Nisamehe. Nilijaribu.

Ilianza kuchanganya majina. Kina mama wawili, wote Anna Mushi, mmoja akaandikiwa kundi la damu la mwenzake. Muuguzi alikuwa anamjua kwa sura, ndiyo pona yake. Wakaniita mimi wa mapokezi, eti kwa kuwa ulikuwa unanifundisha kuandika programu. Kaka, nilikuwa nimefika wapi? Wiki tatu nilisoma mistari yako, sielewi, nalia tu mbele ya kompyuta.

Halafu akaja mwalimu wa chuo kikuu, mgeni, anayetafiti namna ya kuifanya programu ionekane kwa macho. Akanivika kofia nzito yenye nyaya, na vioo viwili vidogo mbele ya macho. Mara nikawa nimesimama ndani ya kazi yako! Kila kipande ulichoandika kilikuwa mnara, na nyuzi za mwanga zilionyesha kipi kinategemea kipi. Nikigeuza kichwa, naona mingine nyuma yangu. Ungecheka kile kicheko chako cha puani. Nyuzi karibu zote ziliishia kwenye mnara mmoja, ule wa kulinganisha majina. Tatizo lilikuwa pale. Nililiona kabisa. Nikanyoosha mkono, nikashika hewa.

Mgeni akaufungua. Katikati ya mistari yakatokea maneno yako: "Resti, hapa usiguse mpaka nikueleze."

Ungenieleza lini, Kaka? Homa ya siku nne tu, ukaondoka.

Tuligusa. Ikaharibika zaidi. Mgeni akasema kofia inaonyesha programu ilivyojengwa, haionyeshi mwenyewe alikuwa anawaza nini.

Mama aliposikia nimeingia ndani ya kazi yako, aliacha kumenya ndizi. "Umemwona?"

"Hapana, Mama. Nimeona kazi yake tu."

Akaendelea kumenya, bila kuniangalia.

Sasa tunaandika kadi kwa mkono. Siwezi kuirudisha programu yako, wala wewe. Ila nakuahidi hivi: kila mgonjwa nitamuuliza majina yake matatu na kijiji anachotoka, hata foleni ikifika getini. Hilo naliweza.

Kwaheri, Kaka. Pumzika.

Mdogo wako,
Restituta