Mimea ya Shangazi Chumbani kwa Baba

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili mchana

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi na watoto wazima? Mimi sijambo, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani. Tukiulizwa na majirani tunasema Baba ana nafuu. Wewe ni mwanawe, sitakuficha: Baba anatuacha.

Makopo ya unga wa lishe uliyotuma yamefika. Ahsante, lakini usitume tena. Najua umemwona kwenye picha alivyokonda, ukadhani hatumlishi. Anakula, namlisha kwa mkono wangu. Unakumbuka alivyokuwa akitufundisha biolojia mezani mpaka supu inapoa? Kila seli ina majiko yake madogo, mitokondria, yanayochoma sukari kwa oksijeni ili mwili upate nguvu. Sasa sukari inafika, hewa haifiki, maana mapafu yamekakamaa. Seli zake zinaambulia nguvu kiduchu tu. Kuinua kikombe kunamchosha kama aliyebeba magunia, na kucha zimegeuka rangi. Daktari amesema hakuna dawa ya kuyarudisha mapafu hayo.

Shangazi naye, unamjua, hakubali kushindwa. Alisikia majani yanatoa oksijeni, basi akajaza mimea chumbani, mingine kwenye makopo ya rangi, mmoja ndani ya sufuria yangu nzuri bila hata kuniomba. Kisha akafunga madirisha na kushusha mapazia, eti hewa hiyo isipotee! Nilitaka kupasuka. Jani linatengeneza sukari na kutoa oksijeni likiwa na mwanga. Gizani linapumua tu kama sisi, linatumia oksijeni ile ile. Na hata juani, makopo yale yote hayamtoshi mtu mmoja.

Nikamtazama Baba, nikingoja amsahihishe dada yake. Mwalimu aliyetukata maksi kwa kusahau maji kwenye kanuni ya usanisinuru! Akamwambia ahsante, akafumba macho. Nilikwenda kulia jikoni kwa hasira. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alimwonea huruma, akamwachia kitu cha kufanya.

Wiki iliyopita majani yakaanza kuwa manjano. Baba aliyaangalia kwa muda, akaniita.

"Itoe nje mimea hii, mwanangu. Inakufa njaa humu gizani." Akatulia kutafuta pumzi. "Hiyo bado inaweza kupona."

Shangazi alikuwa mlangoni, alisikia. Tuliitoa pamoja, kopo moja moja, na madirisha tukayafungua. Leo imeanza kuchipua. Shangazi amemletea Baba jani jipya alione, naye amelishika mpaka akapitiwa na usingizi. Hali ya Baba mwenyewe imezidi kuwa mbaya.

Kwa hiyo acha vifurushi, uje mwenyewe. Siwezi kukuahidi kwamba utamkuta, na mimi nimechoka kujipa moyo. Ila kila mlango ukilia anageuza kichwa, na akiona ni mimi anatabasamu kwa adabu, kama alivyomshukuru Shangazi kwa mimea yake.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Shangazi anakusalimu, na fundi redio jirani yetu anakuulizia. Mungu akujalie pumzi, mdogo wangu. Sijui tena kitu kikubwa zaidi cha kukuombea.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata unapomuudhi.