Vibanio vya Breki na Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 2 Machi

Gari limeanza tena. Kacha-kacha-kacha kila tukipita shimo, na likikanyagwa breki linavuta pembeni kama ng'ombe aliyeona majani ya jirani. Leo Jarot, fundi wa njia panda, alituendesha hadi zahanati. Mimi nyuma, mume wangu mbele. Tangu kiharusi cha Oktoba Wagiman hajashika usukani. Mkono wa kushoto umelegea, na gia ni za mkono huohuo.

Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kisha akasema vibanio vya pedi vimekwisha na pini moja imekwama. Jarot akamwambia, Mzee, nitakubadilishia pedi tu, vile vichuma vya zamani bado vinafaa.

Laiti angenyamaza!

"Shuka kwenye gari langu!"

Katikati ya mlima! Jarot akacheka, akaendelea kuendesha. Angefanya nini tena?

Jumapili, 3 Machi

Endah, binti yetu, amepiga simu kutoka Malang. Mtoto anacheza tumboni usiku kucha, miguu imevimba. Mumewe yuko melini hadi Mei. Anasema tusihangaike, siku ikifika ataita gari la kukodi aende hospitali peke yake. Wagiman akaninyang'anya simu.

"Mjukuu wangu anachukuliwa na gari la babu yake. Umesikia? Basi."

Nani ataliendesha? Endah hakuuliza. Mimi sikuuliza. Baba mtu akakaa kuuangalia mkono wake pale pajani, kama mgeni aliyelala kitini na hakuna anayejua amwamshe vipi.

Leseni ninayo. Kila miaka mitano nashuka mjini, napigwa picha, nairudisha kabatini. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa sijaliendesha gari lake hata hadi msikitini. Hajawahi kunikataza. Hajawahi kunikaribisha pia.

Jumanne, 5 Machi

Ameanza kuzifungua breki peke yake. Nimemwona kupitia dirisha la jikoni, tempe ya soya ikiungua kikaangoni. Nati za gurudumu amezifungua kwa kuikanyaga spana. Jeki sawa, stendi sawa, gurudumu likatoka. Nikajisemea, anaweza, mwache.

Kisha akafika kwenye kalipa, kile chuma kinachoikumbatia diski. Pale lazima ushike spana moja kwa nyuma huku unazungusha nyingine mbele. Mikono miwili. Akajaribu goti. Akajaribu kuikaza kwa kipande cha ubao. Karibu saa nzima! Mwisho spana ikaruka ikapiga tenga la kuku, na kuku wote wakapiga kelele kama wanachinjwa.

Sikutaka kutoka. Nilijua atachukia. Shati lake tu haniruhusu kumfunga vifungo.

Nimetoka. Nimechuchumaa, nimeokota spana, nimeishika kwa nyuma. Naye akaikagua. Kisha:

"Siyo hiyo. Hiyo ni kumi na nne. Nataka kumi na saba."

Kwa Wagiman hiyo ni asante.

Tulipoing'oa kalipa tuliifunga kwa waya isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Pedi zikatoka. Ya ndani imelika hadi karibu na chuma, ya nje bado nene — ndiyo maana gari linavuta. Na vibanio vyenyewe! Vichuma vyembamba vyenye mikunjo, vidogo kuliko kidole changu, vimeliwa na kutu. Akanieleza kazi yao taratibu, kama anayenitambulisha kwa ndugu zake: hivi vinaishika pedi isichezecheze, lakini vinaiacha iteleze. Vikichoka, pedi ama inapiga kelele ama inaganda.

Nimeishi naye miaka yote hii na leo ndiyo mara ya kwanza ananieleza kazi yake. Nadhani sikuwahi kumwuliza.

Jumatano, 6 Machi

Nimeenda Malang mwenyewe, kibanio kimoja cha zamani kimefungwa kwenye leso kama jino. Duka la spea nyuma ya stesheni, la mama mmoja Mchina, Ci Hwa. Akakivalia miwani. Gari la zamani hivi! Akapotea stoo hadi nikadhani amelala humo. Akarudi na pedi mpya na pakiti ina vumbi: vibanio vinane, mipira ya pini, kijipakiti cha grisi. Anauliza gari la nani. Nikamtajia.

"Wagiman wa gereji ya mabasi? Yule anayenusa grisi kabla ya kununua?"

Nikasema ndiyo, huyohuyo.

"Basi wewe ndiye mkewe! Uliyekuwa unaendesha pikapu ya kabichi kushuka kona za mlima wa Payung kabla hujaolewa! Alikuwa akitusimulia hapa kila siku. Anasema hajaona mtu anayejua breki kama mke wake. Anasema unashuka mlima na gia, breki unaigusa tu kama unabonyeza embe."

Nimesimama pale kama mjinga.

Kila siku! Kawasimulia wauza spea wote wa Malang, mimi mwenyewe hajaniambia hata mara moja. Kwenye basi la kurudi nilikasirika hadi Batu. Baada ya Batu hasira ikanitoka, sijui imeshukia wapi. Nimempa pakiti. Ameinusa grisi! Nimecheka hadi nikakaa chini. Hajui kwa nini, na sijamwambia.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua tangu asubuhi. Hakuna kazi. Nimemkanda mkono kwa mafuta ya moto. Leo hakuuvuta.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya sala ya Ijumaa tumerudi uani. Pini ya chini, ile inayotelezesha kalipa, ilikuwa imeganda kabisa. Mafuta ya kulainisha, kungoja, kugonga kidogo, kungoja tena. Mimi nikisema gonga zaidi, yeye akisema subiri. Mtu huyu anayewaka kwa neno moja la Jarot, kwa pini yenye kutu ana subira ya mkunga! Ikatoka. Nikaisugua hadi ikang'aa, nikaipaka grisi, nikaivisha mpira mpya. Inateleza kwa kidole kimoja. Niliisukuma mara kumi kwa raha tu.

Kisha brashi ya waya pale vibanio vinapokaa. Kutu yote itoke, anasema, la sivyo vipya vitabanwa na tutakuwa tumefanya upuuzi. Grisi kidogo kwenye masikio ya pedi, zile ncha zinazoingia kwenye vibanio. Usoni panapogusa diski hapana! Ukiipaka usoni utatuzika wote.

Vibanio navyo nimevitia mimi. Vinaruka! Cha tatu kilinichana kidole. Nikafunga kila kitu, nikazungusha diski — kwaruu, kwaruu. Akafumba macho.

"Cha juu umekigeuza."

"Sijakigeuza."

"Mama Endah, umekigeuza."

"Basi kitie mwenyewe!"

Likanitoka. Loo! Ningekuwa na uwezo ningelimeza. Damu ya kidole ikidondoka kwenye sandali. Nikasema nisamehe. Yeye akaniambia, "Lete kidole." Akakifunga kwa kitambaa, mkono wa kulia na meno. Vibaya sana, kitambaa kimejaa grisi. Akasema hata yeye mwaka wake wa kwanza gereji alivigeuza vibanio vya basi zima, bosi akamfanya afungue magurudumu yote mbele ya abiria. Hiyo nayo sikuwahi kuisikia.

Kweli nilikuwa nimekigeuza.

Bu Painem wa jirani akachungulia juu ya ukuta, na mdomo wake ule: "Wagiman, umeishiwa mafundi hadi unamfundisha mkeo?"

"Simfundishi mtu. Huyu ni mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa umepotea, nimeupata."

Nikainamia diski. Nilikuwa na vumbi machoni.

Mwisho akanituma nikanyage pedeli kabla gari halijasogea. Ya kwanza ikazama hadi sakafuni. Moyo wangu nao! Ya pili ikazama nusu. Ya tatu ikasimama, ngumu. Akasema ndivyo inavyotakiwa, pistoni zinarudi mahali pake. Angenionya mapema angepungukiwa na nini? Alikuwa anacheka.

Jumapili, 10 Machi

Upande wa pili. Dakika hamsini! Hakuna kilichogeuzwa.

Jumatatu, 11 Machi

Jarot amekuja kujaribu gari. Wagiman mbele, mimi nyuma, hadi vibanda vya mahindi vya Payung na kurudi. Hakuna kacha-kacha. Likisimama linasimama limenyooka, halivuti. Jarot akasema, "Mzee, nimekubali. Gari limekuwa la bibi harusi." Wagiman akamnunulia mahindi mawili ya kuchoma. Hakuomba msamaha. Mahindi mawili.

Njia nzima nilikuwa nakanyaga sakafu kila kona, bila kujua. Nilipoinua macho nikamkuta Wagiman ananitazama kwenye kioo. Akageuka haraka.

Alhamisi, 14 Machi

Saa moja asubuhi. Endah! Chupa imepasuka, wiki tatu kabla ya siku yake! Jirani yake yuko naye, begi liko tayari, anasema uchungu bado unakuja na kuondoka. Analia na kucheka. Nikamwambia tunakuja.

Niko garini tayari, kwenye kiti changu cha kushoto. Naandika ili mikono ipate kazi.

Nilitaka kumpigia Jarot. Wagiman akasema, "Mwache Jarot." Akazichukua funguo kwenye msumari, akatoka bila mwavuli. Anazunguka gari, anagusa kila gurudumu kwa mguu. Ukungu umeifunika barabara yote ya chini, na mvua haijaamua kukatika wala kukaza.

Nimeshakata shauri. Akikaa nyuma ya usukani nitashuka. Nitalala mbele ya magurudumu ikibidi. Nimeyapanga maneno, ya upole, yasimvunje. Mungu wangu, nayaanzaje?

Anakuja. Amepita mlango wake, wa dereva. Amefungua wangu.

"Mama Endah, hiki kiti changu. Hamia kule."

Ameziweka funguo juu ya daftari hili, hapa nilipoandika. Sijasogea. Yale maneno niliyoyapanga yote hayana kazi tena. Simu inalia tena, ni Endah. Naye bado amesimama mvuani, maji yanamtiririka puani, mlango wazi, ananingoja.