Kosa Ambalo Ofisi Haikuniuliza

Lusahunga, Biharamulo
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuona kabisa ukiitikia marahaba huku umekinga jua kwa mkono, ukiuliza nani kaleta barua. Goti lako linaendeleaje? Mvua zimefika Korogwe, au zimeishia milimani kama kawaida yake? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia. Dada Zuhura, wewe unayesoma, msomee Mama mkiwa wawili tu, na usiruke mahali. Nakujua: ukiona habari mbaya unasema "anawasalimu wote," kisha unakunja karatasi.

Bado nachukua mahindi ya msaada Isaka na kuyapeleka kambi za wakimbizi, Ngara. Watu waliovuka daraja la mpakani pale Rusumo ni wengi mno, Mama, na kila siku wanatakiwa kula, kwa hiyo malori hayapumziki. Vumbi la huku ni jekundu, hata kikohozi changu kimekuwa chekundu. Kituo chetu ni hapa Lusahunga. Tunakula ndizi za kuchoma, tunafua, tunalala chini ya matrela, tunagombana kuhusu mpira.

Sasa sikiliza. Tajiri wetu ana sheria, kaibandika kwenye kila gari na kila dereva kaisaini. Ni marufuku kubeba abiria. Tena dereva akisimamishwa na trafiki kwa kosa lolote, hata akisamehewa, lazima aandike mwenyewe na kupeleka ofisini kabla ya siku ya pili kwisha. Akificha na ikajulikana, kazi hana.

Mwezi uliopita, baada ya kuipita Nyakahura, nilikuta wanaume wanne wamebeba mgonjwa kwenye machela ya matete, ambayo wenyeji wanaiita ingobyi. Walitoka vijiji vya Bukiriro. Huku kuna desturi moja nzuri sana: ukikutana na ingobyi njiani hupiti hivi hivi. Hata kama una haraka, hata kama ni mgonjwa wa adui yako, unaingiza bega na kubeba kipande. Ndani alikuwamo mwanamke, uchungu umemshika siku ya pili. Mumewe, jina lake Bosco, alinishika mkono akasema, "Mzee dereva, tubebee. Imana atakuripa," yaani Mungu atakulipa.

Mimi ni mtoto wa mkunga. Nimelelewa kwenye nyumba inayogongwa saa yoyote, nimekuona mara ngapi ukiacha sahani yako ya wali na kwenda. Ningepitaje? Nikampandisha mbele pamoja na Bosco. Karibu na hospitali trafiki akatusimamisha. Akachungulia, akamwona yule mama, akavua kofia. "Nenda," akasema, "sijakuona." Hospitalini yule mama akajifungua mtoto wa kiume, wote wawili wazima. Tangu hapo kila nikipita, Bosco akiwa shambani anaacha jembe na kupunga mikono yote miwili.

Mzee Salumu, dereva mwenzangu wa siku nyingi, aliniambia ninyamaze. "Trafiki kasema hajakuona. Wewe unataka uonwe na nani?" Lakini sheria ilinitisha, na wewe ulinifundisha kuwa msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Nikaandika yote, na mwandiko wangu ukiwa mzuri kuliko siku zote. Nilidhani watasoma habari ya mtoto na kufurahi.

Wakachukua funguo. Nilikaa hapa siku kumi na moja sina gari, nikiwaangalia wenzangu wakipita. Siku ya kumi na mbili akaja karani wa usafirishaji na karatasi. Si mtu mbaya. Alinitafutia kiti, akanipa na chai. Akasema, "Hamisi, si mimi, ni mkataba. Saini kwamba hutarudia. Ukirudia, hata kama umembeba mama yako mzazi, usije ofisini." Nikawaza dawa zako, nikawaza wanangu na ada, nikawaza vijana wanaosimama nje ya geti kila asubuhi wakiomba gari kama langu. Nikasaini.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano nikapakia na kuondoka. Kesho yake asubuhi, mahali pale pale, Mama, nikaona ingobyi. Wabebaji walikuwa wanne tena, na wa mbele alikuwa Bosco. Aliponitambua hakuomba wala hakukimbia. Alicheka. Akawaambia wenzake kitu, wakaiteremsha ingobyi taratibu kando ya barabara, wakiamini wamefika kwa mtu wao. Akanyanyua mkono akaita, "Hamisi!"

Nikapita.

Nilipunguza mwendo, nataka ujue hilo. Mguu wangu ulikuwa kwenye breki na macho yangu kwenye ile karatasi ya sheria juu ya kioo. Nilipokuwa sambamba nao nikamwona mwanamke mwingine, mjamzito, amelala, khanga imelowa, macho wazi. Hakuwa analia. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona Bosco bado amesimama na mkono juu, akidhani natafuta mahali pazuri pa kuegesha. Nilipofika kwenye kona, waliinama wakainyanyua ingobyi. Kutoka pale hadi hospitali kwa miguu ni nusu ya siku.

Nimeshusha mahindi kambini, nikajaza fomu ya safari. Ina mstari wa makosa ya barabarani. Nikaandika, "Hakuna kosa." Ni kweli, kwao hakuna. Karani kaisoma na kunipiga bega, akasema nimejirekebisha. Kosa hili sina pa kuliripoti, Mama, ndiyo maana nimekuandikia wewe. Kesho napakia tena, na njia ni ile ile moja. Naona aibu, na sijui nifanye nini.

Nisalimie mjomba Athumani wa mashine ya kusaga, mke wangu na watoto (nitawaandikia peke yao, haya usiwaambie), na bibi jirani anayekuazima redio. Zuhura, ahsante kwa kusoma yote.

Mama, wewe umewashika watoto wa mtaa mzima. Mwanamke anayelia, ulituambia, bado ana nguvu. Huyu hakuwa analia. Ilikuwa saa nne asubuhi, na bila shaka walikuwa wameshatembea tangu alfajiri. Angefika? Ukinijibu nakuomba usianze na salamu, wala goti, wala mvua. Anza na hilo.

Mwanao,
Hamisi