Karatasi Aliyosomewa Mama

Roseville, 12 Januari 2025

Dada mpendwa Nkirote,

Bwana asifiwe. Mgongo wako unaendeleaje, na Mama anakula? Mimi mzima, ila baridi ya huku Marekani imenikunja kama chapati ya jana. Miaka hamsini na miwili, na bado wenzangu kazini hunivalisha kofia kama mtoto wa chekechea.

Nimepata mgonjwa mpya wa kumtunza nyumbani kwake, Mzee Harrison, mwalimu mstaafu wa historia. Macho yamekwisha, kwa hivyo kila alasiri, baada ya kumwogesha, namsomea maisha ya Mhispania mmoja, Gaspar de Tolmo, aliyevuka bahari miaka mia tano iliyopita kuteka nchi za Amerika. Kwao alikuwa mchunga nguruwe! Ungempenda: mwoga wa farasi, mpenda vyeo, kama mimi.

Kilichonivunja mbavu ni hiki. Kabla ya kushambulia kijiji, sheria ilimtaka awasomee wenyeji tangazo: nchi yenu sasa ni ya mfalme, mkikataa shauri yenu. Akasimama na karatasi, akasoma kwa Kihispania, watu wanamtazama mdomo. Karani akaandika: "Wamesomewa, hawakupinga." Nilicheka mpaka Mzee akauliza kama nimekunywa dawa zake.

Jambo dogo: wiki ijayo ukiwa kwenye kongamano la akina mama wa kanisa, wakili Eric atapita kwa Mama na fomu ya shamba. Ni utaratibu tu, usijisumbue.

Mdogo wako,
Solomon


Nkubu, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Solomon,

Tuko salama, Mungu anatuvumilia. Mgongo haujambo kwa kuwa sijaupumzisha.

Niliporudi kutoka kongamano nilimkuta Mama anasugua kidole gumba kwa majivu, wino hautoki. "Mama, walikusomea nini?" Akasema, "Sijui, mwanangu, lakini yule kijana anasoma vizuri, kama redio. Alipomaliza nikasema amina." Mama yetu, asiyejua Kiingereza hata cha kuomba maji.

Fomu nimeiona kwa chifu. Mama anakupa shamba lote, pamoja na nyumba niliyojenga nilipofiwa na mume wangu, na chai niliyopanda kwa mikono hii. Chini wameandika: "Amesomewa, ameelewa, hana pingamizi." Solomon, siku ile ulikuwa unacheka kweli, au ulikuwa unafanya mazoezi?

Bodi ya ardhi inakaa kuamua juu ya fomu hiyo tarehe kumi na tano Aprili. Iandikie barua moja, useme tugawane kama Baba alivyotaka, na mambo yaishe. Moja tu.

Dada yako mkubwa,
Nkirote


Roseville, 23 Machi 2025

Dada,

Haya, nimechapwa, niko kwenye kona. Wewe na Mama hamjambo? Pole kwa kukawia, shifti mbili zimenila. Lakini mimi, mteka nchi? Mtu anayekata wazee kucha na kumkimbia mbwa wa jirani? Hata mke wangu Maureen aliniuliza jeshi nimelificha wapi, jikoni au bafuni.

Nisikilize bila kukasirika. Nikistaafu nitajenga pale, na siwezi kuanza bila hati. Wewe utakaa palepale, nani atakugusa? Nitakulinda. Gaspar alipopewa bonde zima na watu waliomo, eti awalinde, aliwatoza mahindi na dhahabu. Mimi nitakutoza jani gani? Halafu na wewe ukiolewa tena, je? Natania.

Barua ya bodi nitaandika nikipata ofu, hata siku moja ya kupumzika. Mzee Harrison amelazwa. Kitabu tumekiacha Gaspar akiwa bwana mkubwa, anatafuta fundi wa kumchongea nembo ya ukoo.

Mdogo wako,
Solomon


Nkubu, 17 Aprili 2025

Solomon,

Mama anakula. Mgongo unauma.

Bodi ilikaa juzi. Niliomba wangoje barua yako, wakangoja mpaka baada ya chakula cha mchana. Kisha mwenyekiti akamuuliza Mama kwa Kimeru, mara ya kwanza mtu kumuuliza: "Unampa Solomon shamba lote?" Mama aliniangalia, akaangalia chini. Akasema, "Ni mwanangu. Kama ndivyo alivyoandika, nitamwaibishaje mbele ya watu?"

Kwa hivyo ni lako. Tunaondoka Jumamosi, mimi na yeye. Mama ndiye aliyeanza kufunga nguo. Ufunguo uko kwa jirani, Jedidah.

Nkirote


Roseville, 7 Desemba 2025

Dada yangu Nkirote,

Hii ni barua ya tano tangu Mei. Mgongo unaendeleaje? Mama anakula? Nauliza hewa. Simu yako haiingii. Jedidah anasema chai imeota bila kuchumwa mpaka imempita kimo, na kwamba mliko hajui, au ameapa asiseme.

Hati imefika, jina langu peke yake, kwa herufi kubwa. Nimeiweka juu ya friji. Maureen akipanguza vumbi anaizunguka.

Nilipata ofu tatu kabla ya bodi kukaa. Ya kwanza nililala. Ya pili nilienda Maple Grove kutazama nyumba za watu, nichague paa. Ya tatu niliketi na kalamu na karatasi niiandikie bodi ile barua, nikachora sebule.

Nimeomba likizo ya Agosti. Nitakuja. Niambie tu, nikifika Nkubu, nishukie wapi.

Mdogo wako,
Solomon