Sheria ya Mwenyekiti na Ng'ombe wa Regina

Mpendwa mshauri, shika kalamu unisaidie haraka, kwa sababu mimi nikishika fimbo nitaaibisha kanisa.

Nina miaka sabini na moja, shule niliacha darasa la nne, mwalimu akashukuru Mungu, na leo ndimi mwenyekiti wa sosaiti yetu ya maziwa hapa Runyenjes. Tulinunua kompyuta ya kupangia madaktari wanaopandisha ng'ombe kwa mbegu, unapiga simu asubuhi, Wawira wa ofisi anakuandika, unapewa daktari na saa, unatulia. Jumanne ng'ombe yangu ililia tangu alfajiri ikitaka dume, nikapewa daktari Nthiga saa kumi jioni, nikaifunga ng'ombe, nikachemsha maji, nikasikia pikipiki ikipanda mlima, halafu ikageuka! Mshauri, wanawake wameniacha, lakini pikipiki ilikuwa haijawahi.

Nikampigia Wawira. "Mzee, nimekutoa kwa orodha. Regina amesema yake ni ya haraka."

"Na yangu ni ya Krismasi?"

"Si hata wewe ulimtoa Regina mwezi jana ukisema hivyo hivyo?"

Sikatai, nilimtoa, na yangu haikushika hata hivyo, lakini mimi ni mwenyekiti na yeye ni mjane wa ng'ombe moja! Jumamosi tuna mkutano. Nataka tuandike sheria kwamba kazi ya mwenyekiti ikishapangwa isiguswe, na Wawira aende nyumbani. Nimekosea wapi?

Mzee Kivuti, Runyenjes

Mzee Kivuti,

Pole kwa maji uliyochemsha. Yapikie chai, maana huruma yangu imeishia hapo.

Una hasira na pikipiki iliyogeuka, na njia ya kugeukia uliichimba wewe! Regina ana ng'ombe mmoja. Ulipomtoa, alikaa wiki tatu akingoja joto la kutaka dume lirudi, na kila wiki inayopita bila mimba ni maziwa yanayosogea mbali na kikombe cha watoto wake. Wewe ukakosa zamu moja, ukaandikia gazeti.

Sheria iandikeni Jumamosi, lakini si hiyo yako. Mkulima akishapewa daktari na saa, kazi yake ifungwe, awe mwenyekiti au mjane. Daktari akiugua au pikipiki ikiharibika, jina la daktari huyo lisifutwe kabla daktari mwingine hajakubali kwenda, na mwenye ng'ombe aambiwe kwanza, kwa simu, si kwa kusikia mlio ukipotea bondeni. Anayeomba mwenzake atolewe, jina lake libandikwe kwenye mlango wa ofisi. La kwanza liwe lako, la Regina lifuate, kwa kuwa naye amejifunza kwako.

Wawira mwache. Alikutii ulipokuwa na makosa. Mpe sheria ya kumlinda akikukatalia.

Na kabla ya mkutano, pita kwa Regina ukaombe msamaha, bila kofia ya uenyekiti.

Baada ya wiki tatu ng'ombe wako atalia tena. Piga simu asubuhi, taja jina lako bila cheo, kisha ungoje zamu.