Maneno Niliyomtafsiria Mzee Issa

Lindi, Jumatano. Mvua tangu alfajiri, na hasira zangu hazijapoa.

Leo nimetakiwa nitie sahihi kwamba sijui kazi yangu.

Mimi ni karani na mkalimani wa Bwana Fernandes, wakala wa bima hapa mjini. Mwezi uliopita Mzee Issa alikuja kutoka Kitomanga kulikatia bima lori lake la kubebea korosho. Bwana Fernandes akajaza hati, akaigonga muhuri wa kampuni, akasema kwa Kiingereza kwamba lori lina bima kuanzia saa ile. Nikamtafsiria mzee neno kwa neno. Siku ya tatu lori likateleza kwenye tope, likatumbukia korongoni. Dereva akavunjika mguu, na lori lenyewe halifai tena.

Leo akaja mkaguzi wa kampuni kutoka Dar es Salaam. Anasema kazi ya wakala ni kupokea maombi tu, bima haianzi mpaka wakubwa wake wakubali. Sasa muhuri walimpa wa nini? Na kile kitabu cha hati, chenye jina la kampuni kila ukurasa, alikichapa nani? Mzee Issa angejuaje wanayoandikiana wao kwa wao?

Mzee alikuwa amekaa pale pale, kanzu imelowa. Hakumtazama mkaguzi. Aliniuliza mimi.

"Mwanangu, siku ile uliniambiaje?"

"Nilikuambia lori lina bima tangu saa ile, mzee."

"Basi. Nami ndivyo nilivyosikia."

Mkaguzi, asiyejua Kiswahili, akataka kujua tunasema nini. Nikamweleza. Akatabasamu, akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: eti wakala alisema ombi limepokelewa, ila mkalimani, kwa udhaifu wa Kiingereza chake, akatafsiri vibaya. Nitie sahihi, la sivyo nisirudi kazini.

Miaka saba nimetafsiri katika ofisi hii! Kiingereza changu kimekuwa kibovu leo.

Nikamgeukia Bwana Fernandes. Anajua fika alichosema. Alikuwa anafuta miwani yake. Anafuta tu, hainui uso.

Naungama: kalamu niliishika. Nilimfikiria mke wangu, na mtoto tunayemtarajia. Niliandika hata herufi ya kwanza ya jina langu.

Mzee Issa, ambaye hajui kusoma, akainama kidogo. "Unaandika nini, mwanangu?"

Hilo sikuweza kumtafsiria.

Nikaiweka kalamu mezani, nikachukua koti langu. "Twende zetu, mzee," nikamwambia. Tukatoka wote wawili, na hakuna aliyetuita.

Kazi sina tena. Mke wangu nimemwambia. Ameniwekea chakula.

Kesho asubuhi nakwenda bomani na mzee kufungua kesi. Nitaapa, nitarudia maneno yale yale kwa lugha zote mbili. Lakini je, hakimu atamsadiki karani aliyefukuzwa, mbele ya mkaguzi mwenye koti na tai?