Masika Wawili Katika Orodha Moja

Ijumaa, tarehe 16 Novemba 2012

Matokeo yametoka. Wamebandika orodha kwenye ukuta wa université, tukasukumana kama watu kwenye bomba la maji. Miaka arobaini na saba, na miwani nimesahau nyumbani. Ikabidi niombe mutu anisomee. Akanisomea kwa sauti, kila mutu akasikia: Masika Thérèse, ajournée. Nimebaki. Somo moja tu limeniangusha, Statistique. Sita juu ya makumi mbili.

Sita. Mimi niliyewaeleza wenzangu ile Statistique kwenye benchi la nyuma, na chaki niliyoiba kwenye shule ninayofundisha.

Juu yangu kidogo: Masika Marie-Louise, Statistique kumi na ine. Amefaulu. Alinikumbatia akilia. Nikamupongeza vizuri, hata mimi mwenyewe niliamini.

Bila diplome kabla ya Desemba, kiti cha directrice, cha kuongoza shule yetu, kinaenda kwa mwalimu mwenzangu Papa Birindwa. Barua ilikuja tangu Septemba. Yeye ameshakijaribu kile kiti. Anasema kiko chini kidogo.

Nimepika maharagwe. Nimekula. Bwana yangu Kamate akauliza: basi directrice, leo tunakunywa nini? Nikamuambia maji.

Jumamosi, tarehe 17 Novemba

Nimewaza nikifua. Siku ya mutihani, tukitoka, Marie-Louise aliniambia ameacha maswali mawili matupu. Mimi nilijibu yote ine. Sasa yeye kumi na ine, mimi sita?

Kisha nikakumbuka, sabuni ikaniponyoka. Juu ya copie yangu, ile karatasi ya majibu, niliandika Masika. Basi. Sikuongeza kitu.

Kwetu Wanande, binti wa kwanza ni Masika, hakuna kufikiri. Kila nyumba ina mumoja tu, kwa hiyo jina la pili ni la padri. Miaka yote nimeandika Masika peke yake: juu ya gunia la viazi, juu ya bahasha ya matoleo. Na Marie-Louise ni wa kwanza kwao Kalengera, bila shaka ameandika vile vile. Profesa ni mutu wa upande wa Bukavu. Amekuta Masika mbili mkononi, akagawa alama kwa kubahatisha.

Nilingoja nikasirike. Hasira haikuja.

Kamate anasema kosa ni la baba yangu na baba yake. Wangeanza na wavulana.

Upande wa Kibati mabomu yanalia tangu asubuhi. Marie-Louise anaishi kule juu, ndani ya kambi ya wakimbizi, na watoto wake watatu.

Jumapili, tarehe 18 Novemba

Baada ya misa nimemukamata Achille, appariteur wetu, yule mwenye kupokea barua za wanafunzi na kuzipiga muhuri.

— Mama, usilie kwanza.
— Silii.
— Aa. Basi sikiliza.

Inaitwa recours, kuomba alama ziangaliwe tena. Barua kwa président wa jury, kwa mkono, mbili zenye kufanana. Moja wanabaki nayo, ya pili wanaigonga muhuri unarudi nayo. Bila muhuri hujaandika kitu. Siku tatu za kazi tangu orodha ibandikwe: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Usiseme profesa ni mubaya, jury haina masikio ya ile. Sema ni kosa la kunakili alama, na uonyeshe watafute wapi.

— Lazima utaje copie yako iko kwa jina ya nani. Jina muzima, mama. Wanafungua zote mbili, wanalinganisha mwandiko.
— Na yule mwingine?
— Yule mwingine atapata ile yake.

Ile yake ni sita.

Tukiwa bado mbele ya kanisa, barabara ikajaa. Watu wa kambi wanashuka, magodoro juu ya kichwa, mbuzi, sufuria. Nilisimama naangalia kama mutu anayengoja maandamano yaishe avuke.

Nilipofika kwetu Mapendo, Marie-Louise alikuwa kwenye mulango. Watoto watatu, sufuria moja, na mufuko wa notes zake za université. Hata Statistique ameibeba.

— Dada, sina fasi ingine.
— Ingia.

Kamate alikuwa ameshatoa godoro.

Jumatatu, tarehe 19 Novemba

Nimeandika recours chumbani, mulango umefungwa, kama musichana anayeandikia mpenzi. Mara mbili. Pale pa jina nikaandika «Masika mwingine». Achille alisema jina muzima. Mkono ulikataa, sikuusukuma.

Nikafika kwa Achille saa ine. Muhuri ndani ya mufuko wa koti, kufuli mkononi.

— Kesho, mama. Unasikia hii?

Nilikuwa nasikia. Ilikuwa upande wa uwanja wa ndege.

Mchana wote tumelala chini, kwenye korido, watu sita na mutoto wa jirani aliyepotea njia. Tumemurudisha. Mudogo wa Marie-Louise amesinzia juu ya paja langu. Limekufa ganzi. Nimeliacha.

Jumanne, tarehe 20 Novemba

Wameingia. Kwanza askari wa serikali wamepita mbio, wengine bila viatu. Kisha kimya. Kisha wale wengine, waasi, na mabuti ya mpira, wanatembea pole.

Nimeosha sahani.

Alhamisi, tarehe 22 Novemba

Hakuna umeme, hakuna maji. Tunachota ziwani. Jana ilikuwa siku ya tatu. Imepita.

Marie-Louise anapika, anafagia, hataki nishike kitu. Leo, tukichambua sombe, majani ya muhogo, ameniambia habari yake. Shirika moja limemuahidi kazi ya kufundisha watoto wa wakimbizi, kuanzia Januari. Lakini wanataka kuona diplome. Na kambi iko wapi sasa? Anasema: fasi watoto watakimbilia, na mimi ntakuwa pale.

— Mushahara wa kwanza, dada, nakununulia miwani ya pili. Ya kuacha kwenye université.

Tumecheka. Sauti yangu ilitoka mahali fulani, sijui wapi.

Jumatatu, tarehe 26 Novemba

Réseau ya simu imerudi. Achille amepiga. Ofisi imefunguliwa, recours zinapokelewa mpaka Jumatano saa sita mchana. Siku za vita hazihesabiwi.

— Kumbe kuna sheria?
— Kwetu ndani, mama, sheria iko. Inje sijui.

Jumanne, tarehe 27 Novemba

Mimi ni mujinga kweli. Chumbani watoto wanapekua kila kitu, basi nilificha barua zangu ndani ya kikapu cha jikoni, katikati ya madaftari ya zamani ya wanafunzi. Madaftari tunayowashia mbabula, jiko letu la makaa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeanzisha ile desturi.

Imebaki moja. Ile ingine Marie-Louise amewashia makaa leo asubuhi. Alikuja na uso umeanguka.

— Dada, nimeona «Monsieur le Président du Jury» wakati inaisha kuungua. Ilikuwa recours?
— Ndiyo.
— Ya ile sita?
— Ndiyo.
— Na ulikuwa unangoja nini siku zote hizi?

Amenigombeza. Kweli amenigombeza, kama mimi ndiye mutoto. Anasema niliyemueleza médiane siwezi kupata sita, alijua tangu siku ile. Yeye ndiye ameunguza, yeye ndiye ataandika ingine. Na mwandiko wake ni muzuri kuliko wangu, wangu ni wa kuku.

Hilo ni kweli. Nimemuambia aache, nitaandika kesho. Nimeiweka ile moja chini ya redio.

Kamate ameniita pembeni. Akauliza: Marie-Louise ameisoma? Nikamuambia bado. Akakuna kichwa.

Jumatano, tarehe 28 Novemba

Nimeenda ziwani mapema, ili nirudi niandike. Foleni ndefu. Askari wawili wanachunga maji kana kwamba yatatoroka. Nimefika nyumbani saa ine.

Marie-Louise yuko mezani. Redio iko chini. Barua yangu iko kushoto, karatasi nyeupe kuume, kalamu ya bic mkononi. Ameshaandika anwani, ameshaandika tarehe. Mwandiko kama wa kitabu.

Ningeweza kusema, acha. Nimetua bidoni ya maji, nimekaa kwenye kizingiti, nimefungua daftari hii. Nani anaandika shajara saa kama hii? Mimi.

Mustari wa tatu. Anasoma, anaandika. Mustari wa ine. Kalamu imesimama.

Mudogo wake ameomba uji. Ameomba tena.

Kutoka hapa mpaka kwa Achille ni dakika makumi tatu kwa miguu, kwa miguu yangu ni makumi ine na tano. Sasa ni saa ine na nusu.

Hajainua kichwa. Ananiuliza:

— Dada, hapa umeandika «Masika mwingine». Jury haitajua ni nani. Niandike jina yangu muzima?